Visamaki vya mpira vya kuvulia walleye: vitafaa bahari yetu ya Pemba?

Kijana wa Wesha

Assalaam alaykum ndugu zangu. Swali langu refu kidogo, mnivumilie.

Kaka yangu anaishi Minnesota, Marekani, huu mwaka wa sita. Alipokuja mwezi wa Rajabu aliniletea rodi nyepesi na rili yake, na pakiti nne za visamaki vya mpira. Kila kimoja kina urefu wa inchi nne, laini kama ndewe ya sikio, na mkiani kina kibapa mfano wa kafi. Vingine vyeupe, vingine rangi ya ndimu, vingine kijani na mistari myeusi. Zimo na ndoana zake zenye kichwa cha risasi, gramu 7 na gramu 10. Huko wanamvulia walleye, samaki wa ziwani, ambaye jimbo lao wamemfanya kuwa samaki wao rasmi tangu 1965. Kaka anasema kwa visamaki hivi harudi nyumbani mikono mitupu.

Nimekwenda navyo mara tatu kwa ngalawa ya baba, tumetoka Wesha tukaelekea upande wa Misali, tukatia nanga kwenye pima nane mpaka kumi. Mara ya kwanza sikuguswa hata kidogo. Mara ya pili visamaki vitano vilikatwa mikia, tena imekatwa sawasawa kama kwa mkasi, na hakuna kilichonasa. Mara ya tatu jua linazama, kitu kikakamata kwa kishindo, rodi ikapinda mpaka ncha ikaingia majini, halafu kimya. Nilipovuta, ndoana imenyooka kama sindano ya kushonea mikeka.

Na jengine. Vilivyobaki nilivitia kwenye kopo la plastiki pamoja na rapala mbili za baba, yaani visamaki vigumu vya kuvulia. Baada ya wiki nimefungua, vimegandana, na rapala zinanata, rangi imevuka. Zile rapala baba alikuwa nazo tangu mie niko skuli, na mpaka leo sijapata la kumwambia.

Baba anavua mshipi mwaka wa arubaini. Kaniambia, "Mwanangu, samaki hufuata harufu. Mpira una harufu gani?" Yeye na vipande vyake vya ngisi siku ile alipata changu sita huku mie narusha na kuvuta. Namheshimu baba na sitaki kubishana naye, lakini na kaka si mtu wa uongo. Je, vitu hivi ni vya maji baridi yasiyo na chumvi tu, au kuna kitu mie sikifanyi sawa?

Rambaza Nungwi

Kaka, ongeza kasi. Sisi huku tunarambaza kwa boti ya mashine, chambo kinakwenda mbio, nguru na jodari wanakifukuza wenyewe. Samaki wa bahari anapenda kinachokimbia. Na inchi nne ni kidogo, tafuta vikubwa.

Mpemba Toledo

Waalaykumu ssalaam mdogo wangu. Mie mzaliwa wa Mtambwe, sasa niko Toledo, Ohio. Mji huu uko pale mto Maumee unapoingia Ziwa Erie, na walleye nimemshika kwa mikono hii, kwa hivyo niseme upande wa huku, wa huko watasema wenyeji.

Walleye ni samaki mrefu wa mwili, rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, na ncha ya chini ya mkia wake ni nyeupe. Kitu cha kumjulia ni jicho. Limetanda weupe kama lina ukungu, na usiku ukilimulika tochi linawaka kama la paka. Nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, basi yeye huona vizuri wakati vidagaa anavyovila havimuoni. Ndiyo maana watu wa huku humvua alfajiri, magharibi, usiku, au mchana wa mawingu upepo ukiwa umelichafua ziwa. Kunako jua kali hushuka chini na kutulia. Sehemu kubwa ya maisha yake yuko karibu na chini.

Mwezi wa Machi na Aprili hupanda mto Maumee kutaga. Wakati huo utaona mamia ya watu wamesimama mtoni, maji ya kiuno, wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wanarusha visamaki kama hivyo vyako. Sheria ni kali: kwa msimu ule mtoni huvui ila baina ya kuchomoza jua na kuzama, na samaki ndoana ikimnasa nje ya mdomo unamrudisha. Nilipenda sana sheria hiyo nilipoisikia, kwa sababu inamlazimu mtu avue kwa kumfanya samaki ale, asivue kwa kumkwaruza.

Mwaka wa mwanzo nilirusha siku nne sikupata kitu. Mzee mmoja aliyesimama pembeni yangu akanitazama, akaniambia mkono wako una haraka. Maji yale ni ya digrii tano mpaka kumi, baridi inauma mifupa, na samaki wa maji ya namna ile hakimbizi kitu. Chambo kirushwe kuvuka mto, kishuke kiguse mawe, mkondo ukichukue polepole, nawe unakusanya uzi tu usilegee. Walleye akila, mara nyingi mkono hausikii mshtuko. Unahisi uzito, kama jani bovu limejishika kwenye ndoana. Hapo ndipo unavuta.

Kuhusu harufu, mwambie mzee wako yuko karibu na ukweli. Wengi huku wakiona samaki wavivu hutia kidagaa kizima au mnyoo kwenye ile ile ndoana ya kichwa cha risasi. Na vile vichwa vya gramu 7 na 10 ni vya ziwa. Ziwa Erie halijai na kupwa kama bahari yetu, na mahali pengi tunapovua si pa kina kikubwa. Kaka yako kakupa kinachofaa maji yake, si yako.

Nahodha Makangale

Kijana wa Wesha, nimesoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kwa sababu umeeleza kila kilichotokea. Jawabu zako zote zimo ndani ya maelezo yako.

Mie mtu wa Makangale. Nimeendesha boti za wageni wanaovua kwa rodi miaka kumi na moja, na kabla ya hapo nilivua mshipi na ami yangu, Mungu amrehemu, kuanzia Kigomasha mnarani mpaka Fundo. Visamaki vya mkia wa kafi nimevitumia misimu mingi, na vinakamata. Chewa anavila, kolekole anavila, changu mkubwa anavila, kelea anavila. Hakuna samaki anayeuliza chambo kilitengenezwa kwa ziwa au kwa bahari. Kinachokushinda ni uzito. Siku zile tatu samaki wa chini hawakukikataa chambo chako, kwa sababu hakikuwahi kuwafikia.

Nieleze. Siku moja maji yametulia kabisa, niko kwenye pima nane, nilishusha kisamaki cha inchi nne na kichwa cha gramu 10 nikahesabu. Nilifika arubaini ndipo uzi ukalegea, yaani kimekaa chini. Arubaini, na maji yamelala. Yakianza kukimbia, kichwa kile kile hakifiki kamwe. Kinapeperushwa nyuma ya chombo kama bendera, wewe unadhani unavua mwamba kumbe unavua pima ya pili. Hapo wapo vidagaa tu na bahati. Kwa kichwa cha gramu 28 pima hizo hizo nahesabu ishirini au chini yake. Kwa hivyo anza na 28. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, yaani mwezi mwandamo ukiwa nane, tisa, na ishirini na mbili, tatu, unaweza kushuka mpaka gramu 20. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hata 40 haitoshi ukiwa umetia nanga, basi usitie nanga. Acha chombo kichukuliwe na maji, chambo na chombo viende pamoja, hapo kinashuka wima.

Ile mikia iliyokatwa kama kwa mkasi ni bunju, au kikande. Meno ya bunju yameungana kama mdomo wa kasuku, hang'ati kichwa, anakuja nyuma anachukua mkia na kuondoka. Ukiona mkia wa kwanza umekwenda, usitie wa pili mahali pale pale. Hayo ni majani na mchanga, na mchana bunju wamejaa. Ng'oa nanga usogee kwenye ukingo, pale mwamba unapokatika kwenda kwenye kina.

Na kile kilichonyoosha ndoana, kwa ulivyoeleza, kishindo cha magharibi na rodi kuingia majini, kwangu ni kolekole. Ndoana za maji baridi ni nyembamba makusudi, ili zichome mdomo wa samaki kwa nguvu ndogo. Kolekole wa kilo nne anaigeuza sindano. Tena ni za chuma kisichostahimili chumvi, ukiziacha wiki zinafanya kutu kwenye shina la ndoana, ndani ya risasi ambako huoni. Vichwa vile viweke, siku kaka akija mpe. Wewe tafuta vyenye ndoana nene, namba 5/0, na ulegeze breki ya rili kidogo, samaki apewe uzi anapoomba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani, nalo ni kukivika kisamaki kwenye ndoana. Kiweke pembeni ya ndoana kwanza, pua yake ilingane na nyuma ya risasi. Tazama pindo la ndoana linafika wapi mgongoni, tia alama kwa ukucha. Kisha ichome ndoana katikati ya pua, katikati khasa, usogeze mpira polepole kama unavyomvisha mtoto soksi, na utokeze ncha pale pale kwenye alama, juu ya mgongo, kwenye mstari wa kati. Ukikosea hata kwa upana wa punje ya mchele, kisamaki kinakunjika, na kilichokunjika hakiogelei, kinazunguka. Kikizunguka uzi unasokotana, na samaki mkubwa hamkaribii.

Ukimaliza, usirushe. Kishushe ubavuni mwa chombo, kivute taratibu urefu wa mkono mmoja, ukitazame. Mwili uwe wima na kafi ya mkia ipige kushoto na kulia. Kisha punguza mwendo, na upunguze tena, mpaka mkia unakaribia kusimama. Mwendo wa juu kidogo ya hapo ndio mwendo wako. Mie hufanya hivi kila siku, kwa kila kisamaki kipya, na wageni wangu wengi wamedhani nachezea maji. Mkia ukipiga, mkono unahisi: tu-tu-tu-tu, kitu chepesi sana kinachopanda na uzi. Hiyo ndiyo harufu ya mpira. Chewa aliyelala chini ya jabali hukihisi kwa mstari ulioko ubavuni mwake kabla hajakiona kwa macho.

Ndugu yangu wa Nungwi kasema ongeza kasi, na kwa nguru yuko sahihi, kwao ni maji makubwa. Lakini kisamaki hiki ukikipeleka mbio mkia unalala, haupigi tena, na mwili unaanza kujigeuza. Yule mzee wa Toledo aliyesema mkono una haraka, maneno yake chukua uje nayo Pemba. Rusha, hesabu mpaka kikae chini, inua rodi kama unavyonyanyua bakuli la uji wa moto, zungusha rili mara tatu nne polepole, kisha kiache kishuke huku uzi umenyooka. Samaki wetu wengi hula kinaposhuka. Ukisikia mguso mmoja mdogo wakati wa kushuka, au uzi umelegea kabla ya hesabu kutimia, ameshakipata.

Tafauti ya kweli baina yetu na watu wa walleye ni maji. Wao baridi, sisi moto, na samaki wetu ana nguvu mwaka mzima, hana uvivu wa Machi. Kinachofanana ni saa. Baada ya sala ya alfajiri mpaka jua lipande kidogo, na kuanzia laasiri imekwenda sana mpaka giza. Mahali napopapenda ni Mlango wa Njao maji yakiwa yanapwa, maana ghuba yote inajimwaga pale na vidagaa vyake, na kolekole wanakaa ukingoni wanangoja. Kwako ni mbali, lakini kila mlango baina ya visiwa unafanya kazi hiyo hiyo. Misali kwenyewe waulize walinzi kwanza, kuna upande haukubaliwi kuvua, na ni vizuri uwe hivyo. Kasa wanapanda pale kutaga. Kipande cha mpira kilichokatika usikitupe majini, kitie mfukoni urudi nacho.

Zile rapala zimeharibika kwa mafuta. Mpira huu unalainishwa kwa mafuta yaliyochanganywa ndani yake, na hayo mafuta yanakula plastiki ngumu na rangi. Visamaki vikae kwenye pakiti yake mwenyewe, vimenyooka, kivulini, vya aina moja na wenzao. Mkia ukishajikunja, chovya kwenye maji ya moto, unyooshe, kisha tia kwenye maji ya baridi. Na baba mwambie mapema, usingoje akafungue kopo mwenyewe.

Kijana wa Wesha

Ahsante sana ami, Mungu akuzidishie. Nimemsomea baba yote jana baada ya isha, na khabari ya rapala nimemwambia. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama zinaweza kupakwa rangi upya. Nikamwambia tutajaribu.

Halafu akauliza yeye mwenyewe: rodi ni moja, na yeye hana mpango wa kuishika. Kwa mshipi wa mkono yawezekana? Na kichwa cha risasi cha gramu 28 chenye ndoana nene hapa Chake sijakiona. Tufanyeje?

Nahodha Makangale

Mwambie baba yako, kwa heshima zote, kwamba yeye atakuwa bora kuliko wewe. Rodi inahisi mkia kupitia uzi, rili, na fimbo. Mshipi wa mkono unakaa moja kwa moja kwenye kidole cha shahada. Kidole kilichovua miaka arubaini kinajua mchanga, kinajua mwamba, kinajua bunju anapodonoa na chewa anapofungua mdomo.

Ashushe mpaka chini, anyanyue mkono toka gotini mpaka begani kwa utulivu, arudishe polepole, mshipi usilegee. Basi. Kama anavyovulia ngisi kwa ndoana yenye umbo la kamba wa baharini, ila kwa utulivu zaidi. Pale mwisho, juu ya ndoana, pima moja na nusu ya uzi mnene wa namba 60, kwa sababu chewa akishakamata anakimbilia pangoni na mwamba unasaga. Na akitaka atie ukanda mwembamba wa ngisi kwenye ncha ya ndoana, wa urefu wa kidole kidogo, si zaidi, ukizidi unauzuia mkia. Hapo ana harufu yake na mtikisiko wake pamoja. Wakati wa kurudi, tanga limetwekwa na upepo ni wa wastani, aachie pima ishirini nyuma. Mwendo wa ngalawa kwa upepo wa namna ile ndio mwendo wa chambo hiki.

Vichwa tunayeyusha wenyewe. Risasi za chubwi chakavu, kalibu ya udongo wa mfinyanzi vipande viwili, ndoana inalazwa katikati na jicho lake linatokeza juu. Usivunje betri ya gari kutafuta risasi, ile ina asidi na uchafu wake ni sumu. Fanya nje, upepo ukutoke mgongoni, watoto wawe mbali, na sufuria ile isirudi jikoni kamwe.

Binti Tumbe

Naomba niongeze kwenye hiyo ya kuyeyusha risasi, kwa sababu mie muuza samaki tu lakini hili limetufika nyumbani. Kaka yangu alimimina risasi kwenye kalibu aliyoifinyanga asubuhi ile ile. Juu ilionekana kavu. Ndani ilikuwa na maji. Risasi ilipoingia maji yakageuka mvuke kwa mara moja, ikaruka juu yote, ikamwangukia mkononi na shingoni. Alama anazo mpaka leo na jicho liliponea chupuchupu. Kalibu ikae juani siku tatu nne, kisha ipashwe moto karibu na jiko kabla ya kumimina. Na mtu avae miwani, hata ya jua. Tafadhalini.

Nahodha Makangale

Bi Tumbe, ahsante. Nilipaswa kulisema hilo mwanzo kabisa. Kijana, lifuate kama lilivyo.

Rambaza Nungwi

Nimeelewa kuhusu mkia kulala. Kesho nitakitazama ubavuni mwa boti kabla ya kutoka. Tunavyo vya inchi saba, sijawahi kuvitazama majini hata mara moja.

Kijana wa Wesha

Ndugu zangu, narudi na khabari.

Kalibu tuliianika siku tano, tukaipasha moto, tukamimina sita. Mbili zilitoka na mashimo, nne nzuri. Kwenye mizani ya duka la dhahabu zimekuja gramu 27, 29, 29 na 31. Juzi, mwezi ishirini na tatu, tulitoka baada ya laasiri, baba na mie. Hatukwenda Misali, tulikaa ukingoni mwa mwamba nje ya ghuba, pima tisa, bila nanga.

Kisamaki cha kwanza nilikivika nikakishusha ubavuni. Kikazunguka. Nikakivua, nikakivika tena. Kikalala upande mmoja. Mara ya tatu kikasimama wima na mkia ukapiga, na baba, ambaye alikuwa ameinama anatazama, akasema "ee" kimya kimya. Kisha akanyoosha mkono nimpe hicho hicho.

Yeye ndiye aliyepata mwanzo. Alishusha, akanyanyua mara mbili, mara ya tatu mkono ukiwa unashuka akasimama. Mie sikuona chochote, mshipi haukutikisika. Akaniambia, "Kuna kitu kimeshika pumzi huku chini." Akavuta, na kweli. Chewa wa madoa ya kahawia, kilo tatu kasoro, kisamaki cheupe kimeingia chote kinywani umebakia uzi tu. Baba hakutia ngisi. Nilimuuliza kwa nini, akasema alitaka kujua mpira peke yake unasema nini.

Mie nilikaa mpaka jua limegusa maji. Nikahesabu kumi na saba, uzi ukalegea kabla ya wakati wake, kama ulivyosema ami. Nikavuta. Kolekole, kilo mbili, alichukua uzi mara tatu, na ndoana haikupinda. Wa pili alinitoka karibu na chombo, mkubwa zaidi, nilimuona ubavu unang'aa. Bunju alichukua mkia mmoja tu, tukahama.

Pua za vile viwili zimechanika. Nimepasha ncha ya kisu moto nikaziunga, zinashika vizuri, ila moshi wake mkali, fanyeni penye upepo. Vimebaki kumi na moja. Vyeupe vitatu baba kavichukua, kavitia kwenye pakiti yake peke yake na kuitundika ukutani kivulini, karibu na mshipi wake.

Nimempigia kaka Minnesota nimwambie. Huko kwao ziwa limeganda, anasema wametoboa tundu kwenye barafu wanavua walleye kwa kushusha na kuinua mkono, hawarushi kabisa. Nikamwambia hivyo ndivyo anavyovua baba.

Mwenye kujua duka la Chake au Wete lenye ndoana nene za 5/0, zile za jicho refu, aniandikie. Tulizotumia alituazima jirani, na zimebaki mbili.